Siku nane na Shem kutafuta Kifaransa cha Mto Mississippi

Siku ya 1, Jumamosi. St. Louis

Nianze na sababu ya safari maana mke wangu mpaka leo anasema tulipoteza likizo. Mi naishi hapa St. Louis mwaka wa tisa huu, kwetu Tanga. Shemeji yangu, mume wa dada, yeye ni wa Bukavu, kaja juzi juzi tu miaka minne. Wiki ya kwanza alivyofika akafungua ramani ya jiji kwenye simu akapiga kelele sebuleni, "Shem! Huku banasema Kifaransa!" Kaona Chouteau, kaona Gravois, kaona Carondelet, Florissant, Bellefontaine, Des Peres, akaamini Mungu kamleta nyumbani. Kesho yake kapanda basi akamwambia dereva anashuka Gravois, akatamka vile alivyofundishwa na masista, "Gravwa". Dereva akamwangalia kama kaongea Kichina. Akarudia mara tatu, mwishowe abiria mmoja mama mtu mzima akamwonea huruma, "Anamaanisha Gravoi." Basi zima likacheka. Hiyo kitu ilimuuma shem wangu kinoma, na kila tukipita barabara ile lazima aseme vibaya kuhusu watu wa Missouri.

Ndo mwaka huu Aprili wote tumepata likizo pamoja nikamwambia twende basi tukayafate hayo majina mpaka yanapoishia, tuone nyuma yake kuna nini.

Leo tumeanzia nyumbani. Asubuhi soko la Soulard, kununua matunda ya njiani, soko la tangu 1779 hilo, halafu tukaenda pale kwenye Arch. Watu wengi wanapiga picha ile tao kubwa wanaondoka, hawajui kwamba wanakanyaga kijiji chenyewe. Pierre Laclède na kijana wake Auguste Chouteau walianzisha kituo cha kununua manyoya hapo hapo ukingoni 1764, wakakiita jina la mfalme Louis wa 9 aliyekuwa mtakatifu. Sahivi ni majani na bata. Kilichosimama karibu ni kanisa kuukuu la mawe la 1834, na hilo lilijengwa Wamarekani wakiwa wameshaingia zamani.

Mi napenda zaidi yale majina ya utani. Hawa watu walikuwa na utani wa kijiji na kijiji kama sisi tu. St. Louis waliiita Pain Court, yani mkate haba, maana walikuwa wafanyabiashara hawalimi, unga wanaazima. Carondelet chini kidogo ya mto wakaiita Vide Poche, mfuko mtupu. Ste. Genevieve ikawa Misère, dhiki tupu. Shem akacheka peke yake pale kwenye benchi, akasema kwao Bukavu wangewaweza.

Halafu nikamsimulia ile habari ya bendera tatu. Napoleon aliiuza Louisiana yote, enzi hizo si jimbo la leo tu bali eneo kubwa mno na St. Louis ikiwemo, 1803 kwa dola milioni 15, baada ya jeshi lake kushindwa na watumwa wa Haiti waliojikomboa, akaona hii ya huku haina kazi tena. Sasa shida ni kwamba St. Louis ilikuwa chini ya Hispania wakati huo, Mfaransa alikuwa ameshairudishiwa kwenye makaratasi lakini hajaja kuichukua. Kwa hiyo tarehe 9 Machi 1804 ikabidi washushe bendera ya Hispania wapandishe ya Ufaransa kwanza, kwa utaratibu tu, ndo waishushe waweke ya Marekani. Wazee wa mji, inasimuliwa, wakaomba ile ya Ufaransa ilale usiku mmoja. Ikalala. Asubuhi ya tarehe 10 ikashuka.

Shem akauliza, "Usiku moja tu?" Nikamwambia ndiyo, usiku mmoja. Akanyamaza mpaka kwenye gari.

Siku ya 2, Jumapili. Ng'ambo ya Illinois

Tumevuka daraja mapema, tukasali Cahokia, au niseme tumechungulia misa inaendelea maana mi ni Muislamu, shem ndo Mkatoliki, mi nikakaa nje na chai yangu. Kanisa la Familia Takatifu, la magogo, la mwaka 1799, ila parokia yenyewe mapadre wa kutoka Quebec waliianza 1699, yani lilikuwepo miaka 65 kabla St. Louis haijazaliwa. Angalia magogo yake: hayajalazwa yakapandana kama vibanda vya Wamarekani unavyoviona kwenye sinema, yamesimamishwa wima moja moja. Hiyo ndo alama ya Mfaransa, tutakutana nayo tena.

Kutoka hapo barabara inashuka kusini, mkono wa kushoto ukuta wa mwamba mrefu, kulia tambarare nyeusi mpaka mtoni. Udongo ule ukiuona unataka kushuka upande mahindi papo hapo. Tukapita mji wa Valmeyer ambao maji ya 1993 yaliubeba hadi wakaamua kuhamia mlimani wote.

Fort de Chartres kwa kweli inashtua. Uko katikati ya mashamba hakuna kitu, ghafla ukuta mkubwa wa mawe na lango kama la Ngome Kongwe. Ya kwanza walijenga kwa magogo mnamo 1720, mto ukaisumbua, wakaja kujenga hii ya mawe miaka ya 1750, gharama kubwa, kazi ikaisha, na 1763 Ufaransa ikashindwa vita na Uingereza ikatoa upande huu wote wa mto. Wakasubiri mpaka Oktoba 1765 Mwingereza aje, wakamkabidhi funguo. Ngome haijapigana hata siku moja! Halafu mto ukala ukuta wa kusini. Unachokiona leo kimejengwa upya juu ya msingi wa zamani isipokuwa ghala la baruti, lile dogo la mawe, ndo lenyewe la enzi hizo na wanasema ndo jengo kongwe kuliko yote Illinois.

"Sasa balikuwa banalinda nini?" Shem anauliza. Unga, nikamwambia. Kweli. Hapa palikuwa shamba la ngano la New Orleans, kule kusini ngano haikubali joto, kwa hiyo unga ulipakiwa kwenye mashua huku ukateremka mto mzima. Alisikitika kidogo, alitegemea dhahabu.

Prairie du Rocher ni dakika chache kutoka hapo, mji wa watu mia kadhaa tu chini ya mwamba, na rocher maana yake ni huo mwamba. Wenyeji wanatamka "Prerudu Rocha". Tulikula sendwichi ya samaki kwenye baa na dada wa kaunta alivyosikia tunafuatilia mambo haya akatuambia kuhusu La Guiannée. Kila tarehe 31 Desemba usiku watu wanavaa mavazi ya zamani wanapita nyumba kwa nyumba wanaimba wimbo wa Kifaransa, wanakaribishwa kinywaji na keki, na hawajakatisha tangu mji uanzishwe 1722. Shem akauliza kwa furaha, kwa hiyo bado wanaongea? Dada akasema hapana, wanaimba tu, wameukariri kutoka kwa babu zao, maana yake wengi wetu hatuijui.

Hapo nikacheka mwenyewe. Sisi madrasa tulihitimisha juzuu nzima kwa sauti nzuri kabisa bila kujua neno moja linasemaje. Kwa hiyo siwezi kuwacheka watu wa Prairie du Rocher, kukariri nako ni kutunza.

Jioni mambo yakaharibika. Tulipanga kuvuka na kivuko kwenda Ste. Genevieve, unauona mji ule ng'ambo karibu kabisa, tunafika pale kibao kimesema maji yamezidi leo hakuna kivuko. Ikabidi tuzunguke mpaka Chester kwenye daraja, na Chester ndo alikozaliwa yule mchoraji aliyemtunga Popeye, kuna sanamu lake pale pale darajani, Shem akataka picha. Tumefika Ste. Gen saa tatu usiku njaa inauma, migahawa imefunga, tukala ndizi za Soulard na karanga. Misère kweli.

Siku ya 3, Jumatatu. Ste. Genevieve

Hii siku ningeweza kuiandika peke yake.

Mji wenyewe uko kimya, barabara nyembamba, na nyumba zina kitu ambacho nilishindwa kukitaja kwa dakika kadhaa mpaka shem ndo akasema: zina baraza. Wao wanaita galerie. Paa linashuka refu mpaka linafunika ukumbi wa nje pande zote, watu wanakaa hapo kivulini wanaangalia wapita njia. Nyumba za Wamarekani wa zamani mlango uko barabarani na biashara imeisha, hizi zinakukaribisha ukae.

Halafu tukaingia ile nyumba ya Amoureux, ya 1792. Mhifadhi akatupeleka tuone nguzo zake zilivyo kwa chini. Nguzo za magogo zimechimbiwa ardhini wima, zimesogezwa karibu karibu, na katikati wamesindilia udongo uliochanganywa na majani makavu. Nikamwambia yule mhifadhi, ndugu yangu, hii nyumba mimi nimezaliwa ndani yake. Akadhani natania. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya nyumba ya bibi Pangani, miti, fito, udongo umekandikwa. Yetu ina fito za kulala na mawe madogo, yao haina, ila akili ni ileile kabisa. Akaita wenzake waje waone. Kumbe nyumba za aina hii, za nguzo zilizochimbiwa ardhini, zimebaki tano tu Marekani nzima na tatu ziko mji huu. Bibi yangu angejua wazungu wanalipa watu mshahara walinde nyumba ya udongo angecheka mpaka meno yadondoke.

Serikali kuu imepafanya hifadhi ya taifa, imeanza rasmi 2020, kwa hiyo juzi juzi tu.

Ila hiyo nyumba ina habari nyingine. Jina Amoureux linatoka kwa Benjamin Amoureux, mtu wa ukoo wa Kifaransa, aliyekuja kuishi hapo na mke wake Pélagie, na Pélagie alizaliwa mtumwa, akapata uhuru wake, na Missouri wakati ule haikutambua kabisa ndoa ya mweupe na mweusi. Waliishi hapo hapo mjini na watoto wao, na mama akawa anaendesha duka. Shem alisimama kwenye kile chumba muda mrefu kuliko vyote.

Maana ukisoma mabango vizuri unaelewa huu mji mzuri ulisimama juu ya migongo ya nani. Kulikuwa na chumvi ya kuchemsha kule kijito cha Saline, kulikuwa na risasi, ile madini, ya kuchimba kule ndani milimani, na tangu miaka ya 1720 Wafaransa walileta Waafrika kufanya kazi hizo. Louisiana ilikuwa na sheria yake ya watumwa, Code Noir ya 1724: lazima wabatizwe, Jumapili wasifanyishwe kazi, na ukitoroka mara ya kwanza ukakaa mwezi unakatwa masikio. Sheria moja ina ubatizo na masikio kwa pamoja. Shem akaisoma kwa Kifaransa kwenye simu, taratibu, kwa sauti ndogo, hakutafsiri yote.

Mchana tukashuka kwenye lile shamba, Le Grand Champ. Kijiji cha kwanza kilikuwa huko bondeni, mafuriko ya 1785 yakakizamisha na wenyewe mwaka ule wakauita mwaka wa maji makubwa, wakahamia hapa juu. Lakini shamba halikuhama. Ni tambarare kubwa mno imegawanywa vipande vyembamba virefu kuanzia kilimani mpaka mtoni kama mikeka iliyoanikwa ubavu kwa ubavu, ili kila mtu apate kipande cha udongo mzuri na kipande cha karibu na maji, na uzio ulikuwa mmoja wa wote. Mpaka leo linalimwa kwa mistari ileile. Lugha imekufa, wafalme wamekufa, trekta ya kisasa inageuzia pale pale alipogeuzia ng'ombe wa mwaka 1760 na ushee. Mi hicho ndo kitu nilichokuja kukiona ingawa sikujua.

Siku ya 4, Jumanne. Kaskaskia halafu barabara

Kaskaskia ni kichekesho cha huzuni. Ni Illinois lakini ipo upande wa Missouri, kwa sababu 1881 mto ulihama, ukakata njia mpya ukameza mji na kuliacha lile eneo ng'ambo. Mji ulianza 1703, Illinois ilivyokuwa jimbo 1818 hapa ndo palikuwa makao makuu ya kwanza, na sensa ya 2010 ilikuta watu 14. Kumi na wanne! Daladala moja linawabeba wote na kiti kinabaki.

Kilichotuleta ni kengele. Mfalme Louis wa 15 aliwaletea kengele iliyosubuliwa 1741, ikavuka bahari, ikapandishwa mto mzima kwa kuvutwa na watu, na 4 Julai 1778 ilipigwa pale George Rogers Clark alipouteka mji kutoka kwa Mwingereza, ndo maana Wamarekani wanaiita Kengele ya Uhuru ya Magharibi. Iko ndani ya kijumba cha matofali, ina ufa. Ina maandishi. Shem akakunja shingo akaanza kusoma: kwa kanisa la Illinois, kwa hisani ya mfalme wa ng'ambo ya maji.

"Mfalme wa ng'ambo ya maji," akarudia kwa Kiswahili. "Shem, na sisi tulikuwa naye huyo." Kwao alikuwa Leopold, hakuleta kengele.

Hakukuwa na mtu mwingine. Mbwa mmoja, upepo, mahindi ya mwaka jana yamebaki mabua. Mkongo anasoma Kifaransa cha mfalme kwa sauti kwenye kijiji cha watu 14 na wote hawapo. Nimepiga picha lakini picha haionyeshi kitu.

Baada ya hapo ni kuendesha tu. Missouri ikaisha, Arkansas, Memphis, jimbo la Mississippi, mvua, malori. Tumelala gesti ya barabarani, kitanda kizuri, kifungua kinywa cha hovyo.

Siku ya 5, Jumatano. New Orleans

Wote mnaijua kwa picha kwa hiyo sitawachosha. Bienville aliianzisha 1718. Ule mtaa mkongwe wanauita wa Kifaransa lakini nyumba nyingi zilijengwa wakati wa Hispania, maana moto wa 1788 na wa 1794 uliteketeza karibu kila kitu, na vibaraza vyenyewe vya chuma vilivyo kwenye kadi za posta vingi vimekuja baadaye zaidi. Jengo la maana la Kifaransa lililopona ni konventi la masista wa Ursuline, la karibu 1753. Majina huku nako yameumia: Chartres wanasema "Chataz", Burgundy mkazo wanauweka katikati, "Baganda"... hapana natania, "Bagandi", ila kwa mbali ukiwa Mganda ungegeuka.

Mchana shem akaagiza gumbo. Sasa kwa Wakongo gombo ni bamia, Kifaransa cha Afrika yote kinaita hivyo na neno lenyewe wasomi wengi wanalirudisha kwenye lugha za kibantu za Angola. Kwa hiyo alikaa anasubiri bamia na mikono ameshanawa. Ikaja supu nyeusi nzito ya kuku na soseji juu ya wali, bamia hakuna hata mbegu! Akamwita mhudumu, akaambiwa hii imekolezwa kwa filé, unga wa majani ya mti fulani waliofundishwa na Wachoctaw wenyeji wa huku. "Basi baiite jina lingine," akasema, lakini alimaliza na akafuta bakuli kwa mkate.

Jioni tukatembea mpaka Tremé, kuna bustani ya Louis Armstrong, na pembeni uwanja umetandikwa mawe kwa duara duara chini ya miti mikubwa. Congo Square. Hapa ndipo watumwa walikutana Jumapili kuuza vitu vyao, kupiga ngoma na kucheza, na 1817 halmashauri ya mji ikaamuru hapa tu, si mahali pengine. Meli za kwanza za watumwa zilifika 1719, na wakati wa Mfaransa wengi walitoka upande wa Senegal na Gambia, wa Kongo walizidi baadaye. Lakini jina lililobaki ni hilo.

Nilidhani shem atataka picha. Alivua kofia tu akakaa chini ya mti. Kulikuwa na kijana anajaribisha tarumbeta anakosea pale pale kila mara. Tulikaa mpaka taa zikawaka, na hatukuongea sana usiku ule.

Siku ya 6, Alhamisi. Breaux Bridge na Lafayette

Haya sasa. HAPA WANAONGEA.

Magharibi mwa New Orleans unapita daraja refu juu ya kinamasi cha Atchafalaya, miti imesimama ndani ya maji, unatokea kwa Wacajun. Hawa si Wafaransa wa New Orleans, walitokea Acadia huko Kanada, Mwingereza akawafukuza kuanzia 1755, akachoma nyumba akawatawanya kwenye meli, miaka mingi wakatangatanga ndo wengine wakafikia huku. Acadien ikalika lika ikawa Cajun. Pamoja nao kuna watu weusi na machotara wenye Krioli yao, wengine wanaiita Kouri-Vini, ni lugha kamili kivyake, si Kifaransa kibovu, tuelewane hapo.

Tulikula kamba wa mtoni Breaux Bridge, sinia zima limechemshwa na pilipili na mahindi, unavunja mkia unafyonza kichwa. Ndo msimu wake. Meza ya pili walikaa wazee wanne wanaongea, na shem akaacha kutafuna. Akasikiliza. Akageuza kiti. "Bonjour les papas."

Masaa matatu! Mi nimekula sinia la pili peke yangu. Gari wanaita char, uduvi wanaita chevrette, na shem alivyosema nonante kwa maana ya 90 kama Wabelgiji walivyowafundisha wakacheka hadi mmoja akakohoa. Walimuuliza umejifunzia wapi Kifaransa kizuri hivi, akasema shuleni, kwa fimbo, tukiongea Kiswahili au Kishi tunavalishwa alama shingoni siku nzima.

Wazee wakaangaliana. Mmoja, mrefu, mikono ya mvuvi, akasema sisi shuleni tulichapwa kwa kuongea Kifaransa. Katiba ya Louisiana ya 1921 iliamuru Kiingereza tu madarasani, mtoto ameingia darasa la kwanza hajui neno la Kiingereza, akiomba kwenda chooni kwa Kifaransa anaadhibiwa, wengine walijikojolea. Wakapewa kuandika mara mia, sitaongea Kifaransa shuleni. Yule mzee alivyopata watoto hakuwafundisha, hakutaka wapitie. Sasa mjukuu wake yuko shule inayofundisha kwa Kifaransa, maana 1968 jimbo liliunda baraza la kukiendeleza, na huyo mjukuu anamsahihisha babu sarufi.

Shem akasema, nanukuu alivyonitafsiria njiani, "Mi balinichapa niseme, bale balibachapa baache. Fimbo ilikuwa moja."

Na mi niliyekaa pale kimya na kamba wangu nikakumbuka kile kibao cha mbao. Shule yangu siitaji, tulivalishwa kwa kuongea Kiswahili. Kiswahili, Tanga! Nilikivaa Jumatano mpaka Ijumaa, mama akauliza hicho nini nikamwambia medali.

Siku ya 7, Ijumaa. Natchitoches

Kwa kifupi, mvua. Mji mkongwe kuliko wote wa kudumu kwenye eneo lote aliloliuza Napoleon, 1714, minne kabla ya New Orleans, upo kando ya mto Cane uliogeuka ziwa. Mzuri, barabara ya matofali, na jina linatamkwa "Nakatish", shem akasema huu sasa ni uchawi. Pai zao za nyama ni sambusa. Nimesema. Unga umekunjwa, nyama ya kusaga ndani, imezamishwa mafuta. Tumekula nane.

Siku ya 8, Jumamosi. Old Mines, na nyumbani

Tumeondoka alfajiri, Arkansas yote tumeimaliza kwa chai na muziki wa Franco, tukaingia milima ya Missouri. Nilitaka kituo kimoja cha mwisho, Old Mines, wenyewe wakiita La Vieille Mine. Wafaransa waliochimba risasi walibaki humu milimani baada ya wakubwa kuondoka, maskini, mbali na barabara, na kwa sababu hiyo hiyo lugha ikadumu mpaka karne ya 20. Majirani waliwaita wa paw-paw kwa dharau, hilo si papai letu, ni tunda la porini la huku, maana yake kama watu wa kula mbura. Wazungumzaji waliobaki ni wa kuhesabu kwa vidole, kama wapo.

Kanisa la Mtakatifu Joachim lipo, makaburi yapo, majina kwenye mawe yote Kifaransa. Kituo cha mafuta tukamkuta mzee anajaza pikapu, shem akamsalimia tu kwa kubahatisha. Mzee akasimama na pampu mkononi. Akasema kwa Kiingereza bibi yake aliongea hiyo. Anakumbuka chochote? Akafikiri. Akahesabu mpaka kumi, akakwama kwenye saba akairuka. Halafu akasema sentensi mbili bila kukwama hata kidogo, kwa lafudhi shem aliyosema hajawahi kuisikia popote: funga mlango, na, njoo ule.

Shem akamjibu kwa Kifaransa, nakuja bibi. Mzee hakuelewa lakini alicheka.

Tukaingia jijini jioni kwa barabara ya 30, foleni kama kawaida. Dada akapiga simu kuuliza tumefika wapi, chakula kinapoa. Shem akachungulia kibao cha barabara akamjibu, "Tuko Gravoi hapa, dakika kumi."

Nikamwangalia. Yeye wala, alikuwa anatafuta chenji ya kunirudishia mafuta.